Barua ya wazi: Wanafunzi wa uuguzi tunaomba kufundishwa wodini, si kuachiwa wodi

Kwa:
Mkuu wa Chuo,
Mganga Mfawidhi na Muuguzi Mfawidhi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa tunakofanyia mafunzo,
na viongozi wote mnaosimamia mafunzo kwa vitendo ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA WANAFUNZI WA UUGUZI NA UKUNGA WODINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani tumezitumia hadi zikaisha. Tulianza kwa inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, tukaambiwa hayo ni mambo ya chuo. Tukaenda kwa mkufunzi wetu, tukaambiwa hayo ni mambo ya hospitali. Kiongozi wa darasa akaandika barua, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, na hadi leo hakuna aliyetuita. Wakati huohuo rotesheni, yaani vipindi vyetu vya kupita wodi mbalimbali, zinaendelea, na wagonjwa wanaendelea kuhudumiwa na mikono ambayo hakuna mwenye ujuzi anayeitazama.

Sitaitaja hospitali wala chuo. Nia yangu si kumwaibisha mtu, na nimeongea na wenzangu wa mikoa mingine vya kutosha kujua kwamba haya hayako kwetu peke yetu. Jina langu nimeliacha pia, kwa kuwa watakaonipa alama za mtihani wa vitendo ni haohao ninaowaandikia.

Nina jambo moja kubwa, na yote yatakayofuata yanatoka humo. Tunapelekwa wodini kwa jina la kujifunza. Tukishafika tunageuzwa watumishi wa kuziba pengo, na kujifunza kunaachwa kutokee kwenyewe. Anayeumia kwanza ni mgonjwa wa leo. Atakayeumia baadaye ni mgonjwa wa kesho, siku sisi tutakapokuwa na leseni na funguo za kabati la dawa.

1. Wodini hakuna anayetufundisha

Mkufunzi kutoka chuoni huja siku ya kwanza kututambulisha, kisha tunamwona tena wakati wa kutupima. Katikati hapo tuko chini ya muuguzi wa zamu, ambaye ana wodi nzima ya kuhudumia, na mara nyingi yuko peke yake au na mwenzake mmoja. Basi tunafundishana wenyewe. Wa mwaka wa tatu anamwonyesha wa mwaka wa pili namna ya kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), na yeye alionyeshwa na aliyemtangulia, ambaye naye alionyeshwa na mwanafunzi. Kosa likishaingia humo halitoki, maana hakuna wa kulisahihisha.

Nitoe mfano ambao kila muuguzi atakayesoma barua hii anaujua. Fungueni faili za wodi yoyote ya watu wazima mtazame safu ya upumuaji, yaani idadi ya pumzi kwa dakika. Mtakuta 20, 20, 20, mara chache 18, kisha 20 tena. Ni 20 kwa mzee mwenye nimonia, 20 kwa kijana aliyevunjika mguu, 20 kwa mama aliyetoka thieta jana usiku. Hakuna aliyehesabu. Mwanafunzi anapofika wodini mara ya kwanza huhesabu kweli, dakika nzima, jicho moja kwenye saa na jingine kwenye kifua cha mgonjwa. Lakini amepewa upande mzima wa wodi aumalize kabla ya raundi ya daktari. Akiwa bado kwenye vitanda vya mwanzo anaulizwa kwa nini anachelewesha kazi. Ndipo mwenzake anamnong'oneza kwamba upumuaji huandikwa tu. Baada ya wiki mbili na yeye anaandika tu. Hakuna kiongozi aliyeagiza hivyo, na simtuhumu yeyote kuagiza. Hilo ndilo somo ambalo wodi hulitoa yenyewe pasipokuwa na mwalimu.

Darasani tulifundishwa kwamba kasi ya upumuaji ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kubadilika mgonjwa anapoanza kuzidiwa, mara nyingi presha ikiwa bado inaonekana nzuri. Tulifundishwa pia kuhusu mama mwenye kifafa cha mimba. Anapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, na kabla ya kila dozi inayofuata ni lazima uhakikishe mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu unaitika, na mkojo unatoka walau mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi mwilini, goti huacha kuitika, kisha pumzi hupungua, na asipowahiwa kwa kalsiamu glukoneti, dawa ya kuivunja nguvu, pumzi hukata. Sasa mfikirieni muuguzi aliyezoea kwa miaka mitatu kuandika 20 bila kuhesabu, usiku atakaokabidhiwa mama huyo. Karatasi yake itaonyesha kila kitu kiko sawa.

Najua inawezekana kufanya vingine, kwa sababu nimeona. Kuna sista mmoja wa wodi ya watoto ambaye hana watumishi wengi kuliko wodi nyingine. Kila asubuhi baada ya ripoti alichagua mtoto mmoja na jambo moja. Siku ya pumzi alituweka kuzunguka kitanda, akamwomba mama amlaze mtoto atulie, akatuambia kwamba mtoto anayelia au anayenyonya hahesabiwi. Akatukumbusha viwango: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, kuanzia miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi, kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kila mmoja akahesabu kimya na kuandika namba yake, naye akaandika ya kwake, kisha tukafunua. Aliyetofautiana naye sana alihesabu upya. Haikuchukua muda mrefu kuliko muda wa kunywa kikombe cha chai, na hadi leo hakuna hata mmoja wa kundi lile anayebuni upumuaji wa mtoto. Namshukuru sista huyo mbele ya wote watakaosoma hapa. Ninachouliza ni kwa nini tumpate mtu wa namna hiyo kwa bahati tu, wakati alipaswa kuwa sehemu ya mpango.

2. Logibuku zinasainiwa bila kazi kuonekana

Kila mmoja wetu ana logibuku yenye orodha ya prosija (kazi za kiuuguzi) anazotakiwa kuzitazama, kuzifanya kwa msaada, kisha kuzifanya mwenyewe mbele ya msimamizi. Kuna kuzalisha, kuweka mpira wa mkojo, kusafisha kidonda, kutoa dawa, kumfufua mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua, na nyingine nyingi. Ni kitabu kizuri. Kingetumika kama kilivyokusudiwa, nisingekuwa na sababu ya kuandika barua hii.

Kinachofanyika ni kwamba sahihi zinakusanywa kwa mkupuo wiki ya mwisho ya rotesheni. Wanafunzi wanapanga foleni mbele ya meza ya inchaji wakiwa na vitabu mkononi, na inchaji, aliyechoka na mwenye kazi nyingine inayomsubiri, anasaini kurasa nzima. Hana namna ya kujua nani alifanya nini. Mwanafunzi aliyezalisha akina mama wengi na aliyesimama nyuma ya pazia wanatoka na kitabu kilekile. Nimemwona mwenzangu mwadilifu akirudisha ukurasa ambao hakuufanyia kazi, akaomba usisainiwe. Akajibiwa kwamba anajitafutia matatizo, kwa kuwa chuo kitamrudisha kwa upungufu.

Huyo ndiye ninayemlilia zaidi. Alisema ukweli, na utaratibu ukawa tayari kumwadhibu.

Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hii bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Sheria hiyo inamlinda mwananchi asiyeweza kumkagua muuguzi wake kabla ya kupewa sindano. Sahihi ya logibuku ni sehemu ya ulinzi huo. Ikitolewa bila kazi kuonekana, mwananchi anayelala kitandani anakuwa ametegemea karatasi tupu.

3. Usiku tunabaki peke yetu

Hili naliandika kwa uzito kuliko yote. Rosta ya usiku huonyesha muuguzi mmoja na wanafunzi wawili au watatu. Kwenye karatasi inapendeza. Katika hali halisi muuguzi huyo mara nyingi anashika wodi mbili, na akiitwa upande wa pili, upande wa kwanza unabaki na wanafunzi.

Usiku mmoja tulikuwa wawili kwenye wodi ya akina mama waliokwishajifungua. Mama mmoja aliyekuwa ametoka leba saa chache kabla alimwambia mwenzangu kwamba anajisikia kizunguzungu na analowa. Tulipofunua shuka, damu ilikuwa imefika magotini. Tulijua la kufanya kwa kuwa darasani tulifundishwa vizuri: kuita msaada, kulisugua tumbo juu ya mfuko wa uzazi mpaka ukaze, kuhakikisha kibofu ni kitupu, kumwekea dripu, kumpa oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi. Tulilifanya lile lililohitaji mikono tu. Mimi nilisugua tumbo huku nikiongea na mama asilale, mwenzangu akakimbia kumwita muuguzi jengo la pili. Oksitosini hutunzwa kwenye friji, na funguo ilikuwa mfukoni mwa muuguzi, kama inavyotakiwa. Na hata tungekuwa na funguo, mwanafunzi haruhusiwi kutoa dawa bila msimamizi, kama inavyotakiwa pia.

Muuguzi alifika akikimbia, akafanya kazi yake kwa ustadi ambao sitausahau, na mama alipona. Simlaumu hata chembe. Alikuwa mtu mmoja kwenye majengo mawili.

Lakini kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kinachoongoza cha vifo vya uzazi duniani, na mama anaweza kufa ndani ya saa mbili tangu damu ianze. Hakuna haja ya kubishana kama wanafunzi wawili wanatosha kushika wodi ya namna hiyo. Hawatoshi. Na ndugu wa mama yule, waliolala nje kwenye mikeka, waliamini kwamba ndani kuna wauguzi, kwa sababu sare zetu zinafanana kwa mbali.

4. Kazi za kutumwa zinatula muda wa kujifunza

Naomba nieleweke hapa, maana ndipo tunapoitwa wavivu. Kutandika kitanda ni uuguzi. Kumwogesha mgonjwa kitandani ni uuguzi, na pengine ndiyo shule kubwa kuliko zote: unapomgeuza ndipo unapoona wekundu kwenye kisigino au juu ya makalio kabla haujawa kidonda, ndipo unapogundua kwamba mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, ndipo anapokuambia jambo ambalo hakumwambia daktari mbele ya watu. Kazi hizo hatuzikatai.

Tunachokilalamikia ni kutwa nzima ya kupeleka sampuli maabara, kufuata majibu, kufuata dawa famasi, kufuata damu, kusukuma machela kwenda eksirei na kurudi, kutafuta ndugu wa mgonjwa getini. Raundi ya daktari inapita sisi tukiwa kwenye foleni ya maabara. Na raundi ndipo mahali pekee ambapo mwanafunzi husikia kwa nini dawa imebadilishwa, kwa nini huyu anaruhusiwa na yule anabaki. Anayeikosa kila siku anajua njia zote za hospitali na hamjui mgonjwa.

5. Tunaingia wodini bila chanjo, tukichomwa sindano hatujui pa kwenda

Kwa mtu ambaye hajachanjwa, kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B kunaweza kumwambukiza kwa uwezekano unaofika hadi asilimia 30. Kwa VVU uwezekano huo ni takribani asilimia 0.3. Sisi sote tunaogopa VVU, na wachache wanaiogopa homa ya ini, wakati ndiyo yenye chanjo. Chanjo hiyo hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu kwenye mwezi wa 6. Maana yake mwanafunzi anapaswa kuianza mara tu anapojiunga na chuo. Wengi wetu tuliambiwa tujitegemee, na asiyekuwa na uwezo akaingia wodini hivyohivyo.

Mwenzetu alichomwa na sindano iliyoachwa kwenye trei badala ya kutupwa kwenye sefti boksi, boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali. Alitoa taarifa. Aliulizwa kwanza kwa nini hakuwa makini, kisha akazungushwa kati ya ofisi za hospitali na za chuo kuhusu nani anahusika naye. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazianzwi tena. Alizipata, namshukuru Mungu, akazimeza kwa siku 28 na kichefuchefu chake huku akiendelea na zamu. Lakini alizipata kwa kuhangaika na kwa huruma ya mtu mmoja wa kliniki. Wengine baada ya kuyaona yale wameamua kwamba wakichomwa watanyamaza. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili na kila mwenye mamlaka juu yetu.

6. Kufokewa mbele ya wagonjwa

Sitaongea sana hapa. Mwanafunzi akikosea asahihishwe, hata kwa ukali, lakini pembeni. Akifokewa mbele ya mgonjwa, mgonjwa huyo hatamkubali tena amguse, na mwanafunzi hatauliza tena swali. Wodi ambayo mwanafunzi anaogopa kuuliza ni ya hatari kwa wote waliolala humo.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine tumeshapewa kwa mdomo.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2020 lilieleza kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9 mwaka 2018, na karibu wote ulikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, yaani nchi kama yetu. Lakini watakaopunguza upungufu huo ni sisi. Mkitutumia leo kuliziba pengo bila kutufundisha, mnatoa muuguzi nusu, na pengo mtakuwa hamjaliziba, mtakuwa mmeliahirisha tu.

Mtasema na ninyi mlipita njia hiyohiyo, na mmekuwa wauguzi wazuri. Ninawaheshimu kwa kuivuka. Ila waliotutangulia katika taaluma hii walishalikataa jambo hili zamani. Mwaka 1923 nchini Marekani ripoti iliyoitwa ya Goldmark ilionyesha namna hospitali zilivyowatumia wanafunzi wa uuguzi kama nguvukazi na kuiacha elimu yao nyuma. Uingereza nayo, kwa mpango ulioanza kujadiliwa mwaka 1986, iliamua kwamba mwanafunzi wa uuguzi asihesabiwe kwenye idadi ya watumishi wa zamu: akiwepo ni nyongeza, asipokuwepo wodi iendelee. Nchi hizo zina fedha kuliko sisi, najua. Ila uamuzi wa nani ahesabiwe kwenye rosta hufanywa kwa kalamu.

Mtasema wanafunzi ni wengi mno. Hilo ni kweli kuliko yote, na ni lenu. Siku nyingine wodi moja ina wanafunzi wa vyuo vitatu, wa uuguzi na wa utabibu, wanamzunguka mgonjwa mmoja hadi anajifunika shuka usoni. Sisi hatukujipanga wenyewe. Ada tunayolipa ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, na wazazi wengine wameuza mazao ya msimu mzima ili kiandikwe kimelipwa. Anayepokea fedha za mwanafunzi kwa ajili ya mafunzo amekubali kuhakikisha kwamba mafunzo yapo.

Na mtasema wanafunzi wa siku hizi wanakaa na simu. Wapo. Waadhibiwe. Mkufunzi akiwepo wodini atawaona siku ya kwanza.

Kwa heshima zote, tunaomba haya yafuatayo.

Kwanza, mwanafunzi asihesabiwe kama mtumishi kwenye rosta, na asiachwe peke yake wodini usiku, hususan leba, wodi ya wazazi na wodi ya watoto wachanga. Muuguzi akilazimika kuondoka, aondoke baada ya kumkabidhi mtu mwenye leseni. Ikiwa hayupo wa kukabidhiwa, basi uongozi wa hospitali ujue usiku huohuo, na iandikwe.

Pili, kila wodi inayopokea wanafunzi iwe na mlezi wa wanafunzi anayejulikana kwa jina, aliyepunguziwa wagonjwa siku anapofundisha, na chuo kilete mkufunzi wodini kwa siku zilizopangwa na kubandikwa ukutani. Hatuombi mtu wa kutwa nzima. Somo moja kila asubuhi, kwa mgonjwa mmoja, kama alivyofanya sista wa wodi ya watoto, lingebadilisha mengi.

Tatu, logibuku isainiwe siku ileile na mtu yuleyule aliyeiona kazi, pamoja na tarehe na zamu. Mwanafunzi ambaye hakupata nafasi ya kufanya prosija fulani aandikwe hivyo bila kuadhibiwa, apangiwe muda wa kuifanya.

Nne, chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze muhula wa kwanza na iwe ndani ya ada, na asiyekamilisha asipelekwe wodini. Kwenye kila wodi ibandikwe karatasi moja inayosema: ukichomwa sindano osha kwa maji na sabuni, nenda chumba fulani, mwone fulani, saa yoyote. Glavu za mwanafunzi zitoke mahali zinapotoka za muuguzi.

Tano, chuo na hospitali vikubaliane idadi ya juu ya wanafunzi kwa kila wodi kwa wakati mmoja, na vyuo vipeane zamu.

Sita, iwepo njia ya kupeleka malalamiko kwa mtu ambaye hatupi alama.

La kwanza, la tatu na la tano hayahitaji bajeti mpya. Yanaweza kuanza Jumatatu ijayo. Yanayohitaji fedha tuko tayari kukaa nanyi mezani kuyapanga, na darasa letu limekubali kutoa wawakilishi wakati wowote mtakapotuita.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla wenzetu wa mwaka wa pili hawajaanza rotesheni ya leba muhula ujao. Sisi wa mwaka wa tatu tunakaribia kumaliza, na mengi kati ya haya hayatatusaidia tena. Wao bado yatawasaidia.

Wenu katika taaluma,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Stashahada ya Uuguzi na Ukunga,
kwa idhini ya wanafunzi wenzake.

Nakala:
Wizara ya Afya
Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania
Wazazi na walezi wa wanafunzi